Mbolea ya Ua la Mitchell

Ukitaka kujua Kaluki aliumia kiasi gani, anza na lile shada la plastiki. Msichana ambaye kazi yake ilikuwa kulea maua, kwenye kitalu cha miche kando ya barabara pale Ruiru, alizikwa chini ya maua ya plastiki. Nani aliyaleta, haikujulikana. Siku ya mazishi watu huwa wengi na akili huwa chache. Kaluki aliyaona yakiwekwa juu ya udongo, mekundu, yamefungwa kwa waya, na hakusema kitu. Huko kutosema kitu kulimkaa kooni mwaka mzima.

Mitchell alikuwa kifungua mimba wake, miaka ishirini na minne, na kikohozi cha siku tano ndicho kilichomwondoa. Siku tatu za kwanza Kaluki alimpa tangawizi na ndimu, akamwambia ni baridi ya Julai tu, itapita. Siku ya nne wakaenda hospitali, na huko wakaambiwa mapafu yameshajaa. Hakuna aliyemlaumu, angalau si kwa mdomo. Alijilaumu mwenyewe, kila alipomenya tangawizi.

Na kuna jambo la jina. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo huenda likizo. Mtaani kwao, Kamenu, kuanzia kwa kinyozi hadi kanisani, alikuwa Mama Mitchell, na wengi hawakujua kama ana jina lingine. Baada ya mazishi watu wakaona haya kulitaja. Wangeci muuza nyanya, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeanza: "Umeamkaje, Mama Mulei?" Mulei ni mwanawe wa pili, fundi wa magari huko Mombasa, kijana mzuri asiye na kosa lolote. Haikupita wiki, mtaa mzima ulikuwa umehamia kwa Mulei, na Urbanus mumewe akafuata. Walidhani wanamhurumia. Naye akawa anaitika.

Hivyo ndivyo jina la Mitchell lilivyotoka katika nyumba ile. Kilichobaki ni ua lake, mezani karibu na dirisha, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa chini. Mitchell aliliita anthurium. Kaluki aliliita ua la ulimi, kwa sababu likichanua huwa jekundu la kung'aa, na katikati linatoa ulimi wa manjano, kama mtoto mtundu. Mwenyewe akiwa hai, halikuwahi kukaa miezi miwili bila kuchanua. Alipokwenda, likanuna. Kaluki alilimwagilia na kulipangusa majani kwa kitambaa, likampa majani tu.

Halafu mwishoni mwa Juni kikachomoza kitumba, kimejikunja kama chapati. Kaluki alikiona asubuhi akifungua pazia, akakaa chini.

Kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa Jumamosi ya tatu ya Julai, huko Yatta walikomzika. Akahesabu: wiki tatu. Hapo hapo akaamua. Ua lile litakuwa limefunguka siku hiyo, atalikata kwa mkono wake, aliweke juu ya mwanawe, na ile takataka ya plastiki aitupe mbali. Hakumwambia mtu. Angeanzaje kusema bila kutaja jina?

Basi ua likahitaji mbolea, lisije likachelewa. Na hapo Kaluki akagundua kitu kilichomuuma kuliko yote: hakujua Mitchell alikuwa akiweka kiasi gani. Miaka miwili msichana alilisha ua lile kila mwezi, pale pale mezani, akikoroga vitu vyake kwenye mtungi huku akipiga gumzo, na yeye Kaluki yuko hatua tatu tu, kwenye cherehani, anashona sare za shule na kuitikia "ee, ee" bila kuinua kichwa. Kilikuwa kijiko? Kilikuwa kiganja? Alijaribu kukumbuka mpaka kichwa kikamgonga. Alikumbuka sauti. Mikono hakuiona.

Akarudi kwenye anachokijua. Mtu yeyote aliyepanda mahindi Yatta anajua kipimo cha mbolea: kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, na kizibo kingine mahindi yakifika magotini. Urbanus naye alikuwa ameweka mbolea miaka thelathini katika shamba la kahawa Ruiru kabla ya kustaafu, na nyuma ya mlango wa stoo kulikuwa na gunia lake la ile mbolea nyeupe ya kukuzia, limebaki robo. Jumatatu, Urbanus alipokwenda mazoezi ya kwaya, Kaluki alilifungua. Kizibo kimoja, kimejaa. Akazungushia shina, akafukia, akamwagilia, akakificha kizibo kwenye droo ya cherehani. Siku hiyo alishona akiimba kimoyomoyo.

Alhamisi, ncha za majani zilikuwa za kahawia. Jumamosi, majani mawili ya chini yalikuwa manjano. Jumapili walipotoka kanisani, kitumba kilikuwa cheusi, kimeinama. Urbanus alilitazama ua mara moja, akageuza uso, akaenda kukaa nje peke yake hadi chakula kikapoa.

Jumatatu Kaluki alilifunga ua ndani ya leso na kulipeleka Ruiru, kwenye kitalu alichofanya kazi binti yake. Muriithi, kijana aliyekuwa akifanya kazi naye, alimtambua akiwa bado mbali, akampa stuli. Alilichomoa ua kutoka kwenye mkebe polepole, akakung'uta udongo. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, na ngozi yake ikabaki vidoleni mwa Muriithi.

"Imechomeka, mama. Hii ni mbolea. Ulitumia gani?"

"Ile nyeupe. Kizibo kimoja tu cha soda."

Muriithi hakucheka, Mungu ambariki. Alimwonyesha udongo. "Hata hicho kimoja ni kingi sana. Hii si mahindi. Lakini ona hizi chembe nyeupe, huku ziko, na huku upande wa pili ziko. Hii imewekwa mara mbili. Labda ulisahau, ukarudia?"

"Labda," akasema Kaluki. Alijua hakusahau. Na katika nyumba ile wanaishi watu wawili tu.

"Yeye alikuwa anaweka robo kijiko cha chai, kwa mtungi mzima wa lita tano," Muriithi akaendelea. "Na kwanza alikuwa anaimwagilia maji matupu, ndiyo mizizi isishtuke. Alikuwa anatuambia kila saa, mmea haiharakishwi." Akaonyesha safu ya anthurium zilizochanua nyuma yake. "Chukua moja ya zile, mama. Bure kabisa."

Zilikuwa nzuri, zote zimetoa ulimi. Kaluki alilifunga tena lake ndani ya leso. "Asante, mwanangu," akasema. "Lakini hizo si zake."

Alipofika nyumbani, Urbanus alikuwa ameketi mbele ya ile meza iliyobaki tupu, mikono magotini. Hakungoja hata aweke leso chini.

"Ni mimi nimeliua," akasema. "Jumanne, ulipokwenda kwa Wangeci. Niliona kimetoka kitumba, nikasema nikisukume kidogo. Nilitaka ukiamka siku moja ulikute limechanua. Mwaka mzima sijakuona ukitabasamu, Mama Mulei."

Sasa hapo ndipo Kaluki alipopaswa kufungua droo ya cherehani. Ilikuwa hatua tatu. Lakini nitasema ukweli wake, hata kama haumpendezi: alipomsikia mwanamume yule akisema "ni mimi", kitu fulani kifuani mwake kilitua. Mwaka mzima alikuwa amebeba tangawizi na ndimu peke yake. Kwa mara ya kwanza, kosa lilikuwa na mwenyewe mwingine.

"Miaka thelathini ya mbolea, Urbanus," akasema, "na hujui kipimo?"

Mzee wa watu akainamisha kichwa. Kuanzia siku hiyo alitembea ndani ya nyumba kwa ncha za vidole, akiomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Hata mazoezi ya kwaya aliyaacha. Kaluki aliyaona yote hayo, na kila siku akasema moyoni atamwambia kesho. Kesho ikafika, akashona.

Jumamosi ya kumbukumbu walikwenda Yatta. Ndugu walisali, wakaimba, wakala, kisha wakawaacha wazazi wakae kidogo kaburini. Urbanus alikuwa amebeba ule mkebe. Ndani kulikuwa na kikonyo kimoja kilichokauka. Lile shada lilikuwa pale pale. Vumbi lilikuwa juu yake, lakini waridi zake zilikuwa nyekundu vile vile, hata moja haikupauka.

Urbanus akachutama, akaweka mkebe chini kando yake, akauegemeza kwa jiwe usianguke.

"Nisamehe, mama," akauambia udongo, kama baba anavyomwita binti yake. "Mama yako alikuwa anakuletea ua. Najua, hakuniambia lakini nilijua, nilimwona akihesabu siku kwenye kalenda. Mimi nikaliua."

Kaluki alipiga magoti kwenye mchanga na gauni lake la kanisa, akafungua mkoba, akatoa kizibo cha soda. Kilikuwa bado na unga mweupe kwenye meno yake. Akakiweka juu ya kaburi, mbele ya mumewe.

"Jumatatu," akasema. "Kabla yako. Hukuliua peke yako, na mimi nikakuacha ulie peke yako. Na ile ndimu, Urbanus. Nilimpa ndimu siku tatu. Nilisema ni baridi."

Urbanus alikigusa kizibo kwa kidole. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa chake, akakiweka kando ya kile.

"Mimi ndiye niliyezikata zile ndimu," akasema. "Ulikuwa unashona, ukaniambia nikate, nikakata. Hata mimi nilidhani ni baridi."

Wakalia hapo wote wawili, bila kushikana, hadi ndugu wakaanza kuita kwamba gari linaondoka. Urbanus aliondoa lile shada, akalikunja na waya wake akalitia kwapani. Kaburi likabaki na mkebe na vile vizibo viwili. Halafu akampa mkewe mkono wa kuinukia.

"Inuka twende," akasema. "Inuka, Mama Mitchell."