Pamba ya Kifuani

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, wafanyakazi ishirini na wawili wa kiwanda cha magodoro waliketi sakafuni, miguu wameikunja, macho wameyafumba nusu. Walikuwa wameomba feni ya kutoa vumbi la pamba, mara nne, kwa barua. Meneja akawaletea mtawa wa Kibudha.

Mtawa hakuwa mtu mbaya.

"Anzeni na nyayo," alisema kwa upole. "Mkihisi kitu, msikipinge wala msikishike. Kitazameni tu."

Chapchap, mshonaji aliyepewa jina hilo kwa kasi ya mikono yake, alizitazama nyayo, akapanda magotini, tumboni, akafika kifuani. Hapo palikuwa pazito kama pamekaliwa na mtu. Mwaka wa sita huo alikuwa analala ameegemea ukuta, na daktari alishamwambia mapafu yake hayatamaliza mwaka mwingine ndani ya vumbi lile. Akapatazama. Uzito ukajigeuza, ukapanda kooni taratibu kama panya anayetafuta tundu, ukachungulia kwenye pua ya kushoto.

Ilikuwa pamba. Ya kijivu, imelowa makamasi, inanuka kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndooni. Ikateremka mdomoni, ikapita kidevuni, ikamjaa mapajani ikiwa ya moto, na bado ikaja. Chapchap hakuigusa. Alikuwa ameambiwa asishike.

"Hongera," alinong'ona wifi yake aliyeketi kando. "Wa kike au wa kiume?"

"Nyamaza wewe, wako huyo anatoka."

Ilipofika saa moja na nusu sakafu nzima ilikuwa inateleza. Mzee anayekata vitambaa alikohoa mara mbili, akatema kipande cha kitambaa chenye maua ya samawati, akakinyoosha kwenye goti.

"Maua haya tuliacha kuyashona kabla sijaoa," alisema.

Meneja akaja, leso puani. Alichukua bonge moja mapajani mwa Chapchap, akalibonyeza kwa kalamu. Bonge likadidimia, likatoa maji, likainuka tena.

"Linarudi vizuri," alisema. "Likikaushwa litafaa magodoro ya watoto."

"Bwana meneja," mtawa alisema, "mimi nimewafundisha kutazama. Wametazama. Wanachohitaji ni feni."

"Feni ya nini, na wameshajisafisha wenyewe? Kesho waketi saa nzima."

Waliletewa magunia, wakaizoa pamba kwa mikono, kila mtu ya kwake. Ilinata vidoleni, ikabidi waipanguse kwenye aproni. Kisha wakapanda kwenye viti vyao.

Chapchap alivuta pumzi. Iliingia yote, baridi, hadi chini kabisa, mahali alipokuwa amesahau kwamba ni pake. Akaibana hapo. Mashine zikawashwa, vumbi likapanda jeupe hadi darini, na wifi yake akamsukumia godoro la kwanza. Chapchap alishona upande mzima bila kupumua, akageuza, akashona wa pili, macho yamemtoka. Halafu akaiachia, akavuta nyingine.