Marumaru Inayonuka

Daktari Nishma alisukuma karatasi mezani, akaweka kalamu juu yake. "Tia sahihi, Kamande. Wageni wanaingia saa nane."

Kamande aliisoma neno kwa neno. Shehena ya marumaru iliyoibuliwa kutoka meli ya Kirumi, iliyozama karne kumi na nane zilizopita, imethibitika kuchimbwa kisiwa cha Paros, Ugiriki. Chini palikuwa na nafasi ya jina la mtu aliyekata na kusaga vipande vilivyopimwa. Mtu huyo ni yeye.

"Siweki sahihi."

"Wewe bwana, usinianze." Nishma, mzaliwa wa Kisumu aliyehamia mtaa wa Kingsbury huku ughaibuni, hakupata kusahau Kiswahili cha kugombana. "Mashine ya maabara imesema."

"Mashine imesema Paros au Marmara. Visiwa viwili, Daktari. Wewe umechagua chenye jina."

Neno hilo lilimchoma Nishma kwa kuwa ni kweli. Paros ndiko yalikotoka mawe ya sanamu za miungu. Magazeti yangekuja mbio. Marmara, kule Uturuki, ilikuwa machimbo ya nguzo na majeneza. Nani atakimbilia kupiga picha jeneza?

"Na wewe umejuaje?"

"Nimenusa."

Nishma akacheka mpaka miwani ikateleza. "Niandike kwenye ripoti, pua ya Kamande?"

"Iandike! Pua hii imekula vumbi la machimbo ya Kajiado miaka sita. Kuna marumaru ukiipasua inanuka yai viza, na kuna isiyonuka. Ya Marmara inanuka, hata vitabu vyako vinasema. Hii inanuka. Mashine mnailisha unga, harufu imeshakimbia zamani."

Kicheko kikakatika. "Mkataba wako unaisha Ijumaa. Anayeomba uongezwe ni mimi."

Kamande alimkumbuka Gakii, mkewe, ambaye saa hiyo alikuwa akirudi nyumbani kwao, mtaa wa Edmonton, kutoka zamu ya kutunza wazee, miguu imevimba. Woga ukamnyemelea kama paka aliyezoea jiko. Akaufukuza. Njaa anaijua, wamekwisha kulala chumba kimoja. Uongo wenye sahihi yake hajawahi kulala nao.

Aliiacha karatasi bila sahihi, akatoka.

Wageni watatu walipoketi, Nishma akaanza kuwasomea ripoti. Hajafika nusu ya ukurasa, Kamande akaingia na trei, nyundo, na kipande kilichobaki baada ya kukata. Hakubisha hodi. Akapiga pigo moja tu, jiwe likapasuka.

Uvundo ukatanda. Mgeni mmoja akaziba pua kwa tai. Mwingine akamtazama mwenzake kwa shaka. Nishma akainama juu ya trei, akanusa, akanusa tena, na uso wake ukabadilika. Alikuwa na kiburi, lakini alikuwa msomi kwanza. Akafunga ripoti na kuwaambia wageni kwamba haijakamilika.

Walipobaki yeye na Kamande, akafoka. "Umeniaibisha mbele ya watu!"

"Ungeaibika zaidi kesho, mbele ya dunia."

"Haya. Nitaandika vipimo vya ziada vimeonyesha Marmara."

"Vipimo gani? Mashine haina pua, Daktari. Andika aliyepasua, andika aliyenusa."

"Wewe huogopi?"

"Naogopa sana. Andika."

Nishma akachukua kalamu. Kisha akafuta Paros, na pembeni mwa jina lake mwenyewe, palepale juu ya ukurasa wa kwanza, akaandika la Kamande. Habari za mkataba wa Ijumaa hakuzigusa, naye Kamande hakumuuliza.