Mteja Aliyepotea Njia

“Hilo limelala upande mmoja. Nipe la nyuma yake,” alisema Mama Miwani, akielekeza kidole bila kugusa kitu.

Mama Mizani akalirudisha parachichi mahali pake, akachukua la nyuma yake, akalikalisha kiganjani kama yai na kulisogeza karibu na pua ya mteja. Mama Miwani akanusa, akakubali kwa kope tu. Ndipo parachichi likapanda mizani, mashine ikakoroma, ikatoa kibandiko cha bei, na Mama Mizani akakibandika kwa kidole gumba, kimenyooka, hakina hata kunyanzi. Miaka tisa alikuwa akibandika hivyo. Jina lake la kuzaliwa pale kazini walilijua wawili watatu tu. Wengine wote, tangu meneja hadi wapakiaji, walimwita kwa mizani yake.

“Ndiyo maana mimi siendi kwingine,” Mama Miwani akaendelea. “Juzi msichana wangu alininunulia nyanya kule chini. Nilipoziona nikamwambia, wape kuku.”

“Na kuku wenyewe wangezisusa,” akasema Mama Mizani.

Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake wa mizani.

Mji ule ulikuwa na supamaketi mbili, na kati yake palikuwa na barabara moja ya mteremko. Zilikuwa na majina yake yaliyoandikwa kwa taa, lakini watu walisema tu juu na chini. Ya chini ilikuwa karibu na kituo cha mabasi. Ukiingia unakanyaga maboksi, redio inapiga kelele, na bei zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye vipande vya katoni. Ya juu ilikuwa na ubaridi wa friji na ukimya wa maktaba. Mfuko wa chini ulikuwa wa buluu, mwembamba, ukitembea nao unalia. Mfuko wa juu ulikuwa wa karatasi ngumu, wenye mikono ya kamba. Mtu aliyetaka kujua wewe ni nani hakukuuliza unaishi wapi. Alitupia jicho mkono wako. Walikuwepo hata walionunua chini wakapakia katika mifuko ya juu, wakapita nayo mbele ya majirani polepole.

Mama Mizani alijua jambo ambalo wateja wake hawakulijua. Kila alfajiri lori moja la mboga lilipanda mteremko na kusimama kwenye lango la nyuma. Yeye na mwenzake walichagua: hii ndiyo, hii siyo. Kisha lori likashuka na zilizobaki. Karoti zilizolala tuta moja na kunywa maji ya mfereji mmoja ziliachana pale pale langoni. Za juu zilifutwa kwa kitambaa, zikakatwa mikia, zikavishwa nailoni. Za chini zilimwagwa na udongo wake. Aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, lakini kujua ni kitu kimoja na kusema ni kingine, na maneno ya uongo ukiyalalia miaka tisa yanageuka mto. Siku hizi hata yeye akipita mbele ya supamaketi ya chini alikunja pua.

Na pua hiyo hiyo aliikunja Jumapili iliyopita nyumbani kwa dada yake.

Dada yake huyo mkubwa alikuwa mfuaji na mpiga pasi wa nguo za watu. Mama yao alipofariki, dada alikuwa darasa la sita; aliacha daftari akashika beseni, na mdogo wake akaendelea na shule hadi mwisho. Habari hiyo haikuwa ikizungumzwa. Ilikuwepo tu kati yao, kama nguzo katikati ya chumba: unaizunguka. Sasa binti wa dada, mwalimu wa chekechea, alikuwa amepata mchumba, na wazazi wa kijana walitarajiwa kuja Jumapili inayofuata kujitambulisha. Dada alikuwa ameweka mezani pakiti ya biskuti za majaribio, apate kuzionja kabla ya siku yenyewe.

“Dada, kweli watu wale utawawekea hizi?” Mama Mizani aliuliza, akiishika pakiti kwa ncha za vidole.

“Zina nini? Nimezionja. Zinavunjika vizuri.”

“Zinatoka chini. Ukizileta tu mbele yao watajua sisi ni watu gani.”

Binti akainamisha kichwa. Dada alichukua kitambaa akaifuta meza, na meza yenyewe ilikuwa safi.

Basi ile Jumamosi ya parachichi, wakati Mama Mizani anazifunga karoti za Mama Miwani, aliinua macho akamwona dada yake ameingia.

Hakuwahi kuja hapo hata siku moja. Alikuwa amevaa gauni lake la heshima, limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ingeweza kukata uzi, na kandambili zilizosuguliwa. Kwapani alibana mfuko wa buluu uliokunjwa mara nne. Alipita kando kabisa ya rafu za maziwa, akitembea kama mtu anayeogopa kuteleza, ingawa sakafu ilikuwa kavu. Akafika kwenye zabibu. Akachukua kichala, akasoma kibandiko, akakirudisha. Akamtazama mtu mmoja aliyekuwa karibu, akakichukua tena na kukiweka katika kikapu. Kisha akaenda kwenye nyanya. Hapo alikuwa mwenyeji zaidi. Akazibonyeza moja moja kwa kidole gumba, polepole, kama mtu yeyote anayejua nyanya anavyofanya sokoni.

Ndipo alipomwona mdogo wake nyuma ya mizani, na uso wake wote ukafunguka.

“Wee mama! Hebu usibonyeze!” ilikuwa sauti ya Mama Miwani. “Hizo wengine tutazila.”

Mkono wa dada ukarudi nyuma kama ulioguswa na pasi.

Mama Miwani akageuka kwa Mama Mizani, akashusha sauti, lakini si sana. “Siku hizi mlango wenu haubagui? Unamjua huyu?”

Ni dada yangu. Yalikuwa maneno matatu tu, na Mama Mizani alikuwa nayo mdomoni. Aliyahisi yalivyokaa juu ya ulimi. Akaliona kwapa na mfuko wa buluu. Akaziona kandambili. Akayaona macho ya Mama Miwani juu ya fremu ya miwani, yakisubiri, yenye kicheko tayari. Ulimi hauna mfupa.

“Simjui, mama,” akasema. “Atakuwa amepotea njia. Supamaketi yao iko kule chini.”

Mama Miwani akacheka kidogo.

Dada hakukasirika. Lau angekasirika! Alibaki amesimama, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake na anangoja kuona kama anayeita atajirekebisha. Kisha akakitoa kile kichala kikapuni, akakilaza mahali pake kwa mikono miwili, akainyoosha nailoni yake.

“Ni kweli,” akasema. “Nimepotea. Samahanini.”

Halafu akaja mpaka mbele ya mizani. Akasimama pale pale wateja wanaposimama, karibu kiasi kwamba Mama Mizani aliisikia harufu ya sabuni ya mche na ya mvuke wa pasi, harufu aliyolala nayo utoto wake wote.

“Samahani, mama,” dada akamwuliza, kwa adabu ya mtu na asiyemjua. “Mlango wa kutokea ni upi?”

Mama Mizani akanyoosha kidole. “Kule. Ukipita keshia.”

“Ahsante, mama.”

Akaondoka, kandambili zake zikilia taratibu sakafuni.

“Masikini, hata hakubisha,” akasema Mama Miwani. “Wengine wana adabu zao. Haya, nipimie na vitunguu saumu.”

Akampimia. Dakika chache baadaye keshia alipiga kelele kutoka mbele: “Mama Mizani, leo umelala? Umeniandikia saumu bei ya karoti!” Wenzake wakageuka. Haikuwahi kutokea. Alikwenda kubadilisha kibandiko, nacho kikakunjamana, akakibandua, kikakunjamana tena.

Aliporudi akazitazama nyanya. Alizigeuza moja moja kutafuta alama ya kidole. Hapakuwa na alama. Kidole kile kilikuwa kimepima kola za mashati ya watu miaka thelathini, kikijua palipotakata na pasipotakata. Nyanya ingekishinda nini?

Alipopata mapumziko alikimbilia mlango wa mbele, aproni kiunoni. Jua lilikuwa limeumwagia mteremko wote. Dada alionekana mbali, nusu ya barabara, anatembea pembezoni, mfuko wa buluu bado umekunjwa kwapani. Kumwita tu, angesikia. Lakini upande wa kushoto, kwenye maegesho, Mama Miwani alikuwa bado anapakia vitu garini, buti wazi. Mama Mizani akafungua mdomo. Akaufunga. Akajifanya anafuta kioo cha mlango kwa ncha ya aproni, akakifuta na kukifuta, mpaka barabara ikawa tupu.

Jioni, kabla ya kutoka kazini, alinunua kila kitu ambacho dada yake alikigusa: zabibu, nyanya, na juu yake kopo la biskuti lenye picha ya bustani. Mfuko wa karatasi ukajaa. Nyumbani mumewe alimwuliza kuna sherehe gani. Akamjibu kichwa kinamuuma.

Jumapili mchana alipofika kwa dada yake, wageni walikuwa wameshaketi. Ua lilikuwa limefagiliwa, kamba za nguo hazikuwa na hata soksi. Baba wa mchumba, mzee mfupi mwenye kicheko kikubwa, alikuwa amechovya biskuti ndani ya chai ikakatikia humo, na sasa anaivua kwa kijiko.

“Ameniachia mkia tu huyu!” alikuwa akisema, na binti na mchumba wake wanajizuia kucheka, wanashindwa.

Zilikuwa biskuti zile zile. Zimepangwa kwenye sahani kwa duara, na hakuna aliyeuliza zimetoka duka gani.

Mama Mizani akasimama mlangoni na mfuko wake wa karatasi.

“Karibu,” dada akasema, akiinuka. “Tulidhani umepotea njia.”

Alilisema kwa tabasamu, na waliokuwepo wote wakalisikia kama neno la kawaida la kumkaribisha aliyechelewa. Kisha akamshika mkono, akamwingiza mpaka katikati ya chumba.

“Huyu ndiye mdogo wangu,” akawaambia wageni. “Tumbo moja, ziwa moja. Ndiye msomi wetu. Anafanya kazi kule supamaketi ya juu.”

“Ala! Ile ya wakubwa?” mama wa mchumba akapiga makofi. “Mimi huwa naipita tu, mwanangu. Naogopa hata kuchungulia. Nikianza kuuliza bei si watanicheka? Sasa nimepata mwenyeji. Siku nikija utanishika mkono, au sivyo?”

“Karibu, mama,” akasema Mama Mizani. “Karibu sana.”

Alimtazama dada yake. Dada alikuwa anakoroga chai, na sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

Jikoni, walipobaki wawili, dada aliufungua ule mfuko. Alizitoa nyanya akazitia beseni, akalitoa kopo akaliweka juu ya kabati bila kulifungua, akazitoa zabibu na kuzishika chini ya bomba.

“Dada,” Mama Mizani akaanza. “Jana…”

“Jana nini?”

“Pale dukani.”

Dada akakigeuza kichala. Akaona zabibu moja iliyoanza kuoza, akaichomoa, akaitupa.

“Jana nilikwenda dukani,” akasema. “Nikaona vitu vina bei yake, nikarudi. Kuna la kusimulia hapo?”

“Nisikilize basi, dada yangu. Mimi…”

“Mwanangu hajui.” Alisema bila kugeuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na ukali. “Wala asije akajua. Anakupenda mno yule mtoto. Kila siku mama mdogo hivi, mama mdogo vile.” Akafunga bomba. “Nipe hiyo sahani.”

Mama Mizani akampa sahani. Maneno aliyokuja nayo, aliyoyapanga usiku kucha, yakabaki yamemjaa kifuani, hana pa kuyatua. Dada akazipanga zabibu, akajifuta mikono, akatangulia kutoka.

Jua lilipopungua makali, mchumba akataka picha. Wakatoka wote uani. Baba akafunga kifungo cha shingo, mama akalirekebisha gauni lake, binti akaenda huku na huku akiwapanga: wazee katikati, warefu nyuma. Mama Mizani akajitenga kidogo, karibu na ukuta.

“Nipige mimi,” akasema. “Nyie kaeni.”

“Thubutu!” akasema binti. “Mama mdogo abaki nje ya picha?”

Dada akanyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta akamsimamisha ubavuni pake. Kiganja kilikuwa kikavu, kigumu, kimepasuka pembeni. Hakikumbana; wala hakikumwachia.

Mchumba akaitegemeza simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akarudi mbio kwenye nafasi yake. Taa ndogo ikaanza kuwakawaka, ikihesabu.

“Mama mdogo,” akanong’ona binti kutoka nyuma, “tazama mbele.”

Taa ikazidi kuwakawaka, haraka haraka. Wote walikuwa wameshajiweka tayari kwa tabasamu. Yeye alikuwa bado anautafuta uso wa kuinua.