Kasuku Aliyeita Watu Kilioni

Kilio kilitoka nyuma ya ukuta wa matofali, chembamba, kikapanda juu mpaka kikavunjika, halafu yakafuata maneno ambayo mtaa mzima uliyajua: Eloge wangu, umeniacha na nani? Cassilde alikuwa kwenye bomba la maji kando ya barabara, bidoni yake imejaa nusu. Aliganda pale pale. Sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, na mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Wanawake waliopanga foleni nyuma yake wakamtazama mdomo. Mmoja alirudi nyuma hatua, akafanya ishara ya msalaba. Wale ambao hawakuwa bombani hawakuwa na la kutazama. Wao walikwisha kuanza kukimbia. Katika mji wa Baraka, kilio kama kile kikipanda, mtu haulizi nani amekufa. Aliye na sufuria motoni anaiepua, mwenye kuni anabeba kuni, mwenye unga wa muhogo anajaza beseni na kutoka nao hivyo hivyo, mikono bado myeupe.

Cassilde alipofika kwake uwanja ulikuwa umejaa. Kuni zilirundikwa kando ya mlango. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Solange, Mama Divine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikwisha kujifunga kitenge kiunoni na kuweka mikono kichwani, tayari kuitikia. Na mlangoni, kwenye kiti chake kifupi, alikaa mama mkwe wa Cassilde, Adolphine, na kikombe cha chai mkononi. Ndiye waliyemjia. Mwaka mzima alikuwa mgonjwa wa tension, presha ya damu, na nyumba ile haikuwa na mtu mwingine wa kuliliwa.

"Basi ni mimi nimekufa?" aliuliza bibi yule, akiwazungushia macho.

Kilio kilipanda tena, safari hii juu ya vichwa vyao. Waligeuka wote pamoja. Chini ya bati la baraza, ndani ya kizimba cha waya, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu aliinamisha kichwa upande mmoja, akawaangalia kwa jicho moja la manjano, akavuta pumzi ya kwikwi kama mama anayekaukiwa na sauti, akamalizia: na nani? Beseni la unga likamponyoka mtu likamwagika chini. Mtoto mmoja akaanza kulia kwa kweli.

Aliyepata sauti kwanza alikuwa Vainqueur, dereva wa pikipiki, ambaye alikuwa amemwacha abiria wake katikati ya barabara. "Kumbe leo mufiwa iko na manyoya," alisema. Watu wakacheka, lakini kicheko cha meno tu, na wakaondoka bila kuangaliana. Unga waliuacha. Cha kilio hakirudishwi nyumbani. Cassilde alisonga fufu, ugali wa unga ule, jioni ile, na Adolphine akakataa hata kuligusa. Alisema hajasikia bado mtu aliyekula unga wa kilio chake mwenyewe.

Kasuku aliitwa Shefu. Eloge, mwana pekee wa Cassilde, ndiye aliyemleta akiwa kifaranga, zawadi ya dereva wa lori aliyetoka misitu ya Maniema, na akampa jina hilo kwa namna alivyotembea, kifua mbele, kama mkubwa wa kituo. Eloge alikuwa kijana wa ziwani. Siku moja boti iliyokuwa inawarudisha yeye na wavuvi wenzake kutoka rasi ya Ubwari ilipigwa na dhoruba, na waliomleta nyumbani walimlaza pale pale uwanjani, chini ya kizimba. Mama yake alilia juu yake mchana kutwa, na siku zote za kilio aliendelea. Baba yake alikuja kutoka machimbo ya dhahabu ya Misisi, akazika, akarudi Misisi. Hakuna aliyemkumbuka ndege. Ndege, yeye, alikuwa anasikiliza.

Baada ya asubuhi ile Shefu alilia tena juma lililofuata, na watu wakaja tena, ila wachache, na mikono mitupu. Mara nyingine ni Solange peke yake aliyechungulia juu ya ukuta, povu la sabuni hadi kwenye viwiko. "Mama Eloge, ni weye ao ni ule mwingine?" Ikafika siku ambayo watoto wa kichochoroni walikiitikia kilio kama wimbo wa mpira. Mkubwa wa barabara, kiongozi wa mtaa wao, alikuja, akakaa, akanywa maji, akasema kwa upole kwamba mtaa una sikio moja tu la kusikia msiba na ndege huyu analichosha.

Solange ndiye aliyemtafuta mtu. Alimjua sokoni Jocelyne, mwanamke wa Burundi, mkimbizi, aliyelima shamba nje ya Lweba na mumewe. Kwao huko alikulia pamoja na kasuku ndani ya nyumba, na pale walipokaa sasa hakukuwa na jirani wa kushtuka, ni michikichi tu. Jocelyne alikuja siku ya soko. Hakuvutiwa na maneno ya ndege. Alikitazama kifua chake, ambacho kilikuwa kimebaki ngozi tupu kama kuku aliyenyonyolewa. Alieleza kwamba Shefu anajinyonyoa mwenyewe kwa sababu anakaa peke yake siku nzima, kwamba ndege wa aina hii akikosa watu wa kusema nao anajimaliza, na kwamba kwake watu wako nje kutwa na ngazi, matunda ya mchikichi anayoyapenda kasuku, haziishi.

Cassilde alishukuru, akasema atafikiri. Solange aliudhika. Aliuliza ni kitu gani cha kufikiri.

Kilikuwepo, ila Cassilde hakuwahi kukisema kwa mtu. Mlango wa uwanja wao ulikuwa wa bati, na kila ulipojipiga kwenye nguzo, Shefu alisema, kwa sauti ya kijana anayetoka ziwani na njaa yake: "Mama, nimefika. Chakula iko?" Ndivyo Eloge alivyoingia kila siku. Kwa hiyo mchana, Adolphine akilala, Cassilde alikwenda mlangoni, akaufungua, akauachia ujipige, akasimama na kusikiliza. Halafu akaufungua tena. Alijua watu wangesema nini wakimwona. Lakini nani alikuwa na haki ya kumwambia amtoe mwanawe nyumbani mara ya pili?

Basi akaendelea kufikiri, mpaka siku ya maharage.

Adolphine alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, jua limesimama kichwani. Ungo ulianguka kwanza, ndipo akaanguka yeye, kwa ubavu, bila sauti. Cassilde alimgeuza. Macho yalikuwa wazi, mdomo umekwenda upande, na alipomwita hakuitika. Cassilde akaweka mikono kichwani, akalia.

Kilichotoka ni kile kile. Hakuwa na kilio kingine. Chembamba, kikapanda, kikavunjika, na alipokwisha kukitoa alikaa kusubiri miguu ya watu.

Alichosikia ni kinu. Ng'ambo ya ukuta Solange alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulipanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka, haukukosa pigo hata moja.

Akalia tena, kwa jina la mama mkwe safari hii, mpaka koo likamchanika. Mchi ukaendelea. Kichochoroni mtoto alimwigiza, wenzake wakacheka. Cassilde aliinua uso. Shefu alikuwa amekaa kimya kabisa kwenye kijiti chake, kichwa upande, akimwangalia kwa jicho lile la manjano.

Alitoka mbio, kitambaa cha kichwa kimeanguka, akazunguka ukuta, akaingia kwa Solange na kuushika mchi kwa mikono miwili ukiwa hewani. Solange alifungua mdomo kumtania. Aliona uso wake, akaufunga.

"Mama anakufa," alisema Cassilde. "Nimelia. Nimelia, Mama Divine."

Solange akauachia mchi, mikono ya kijani hadi kwenye vifundo. "Tulizani ni ule ndege," alisema.

Vainqueur alimpeleka bibi kituo cha afya, amebanwa katikati ya Vainqueur na Cassilde kama gunia. Hakufa. Waliomtibu walisema kama angefikishwa mapema zaidi, mkono wa kushoto ungesalia na nguvu. Aliporudishwa nyumbani majirani walikuja kumwona, mmoja mmoja, wakakaa kwenye ncha ya kiti, wakaondoka upesi. Solange alileta sombe ile ile. Hakukaa hata kidogo.

Siku kadhaa Adolphine hakusema neno. Siku aliyosema, Cassilde alikuwa anamlisha uji, na neno lilitoka limepinda kama mdomo wenyewe.

"Kinu."

Cassilde alidhani anataka kitu cha kutwanga.

"Nilisikia," alisema Adolphine. "Nilikuwa chini pale, siwezi kusema, lakini nilikuwa nasikia yote. Weye ukalia. Mi nikasema basi, sasa batakuja. Nikangoja miguu yabo. Kinu haikunyamaza."

Kijiko kilibaki hewani. Cassilde aliolewa katika nyumba ile akamkuta mwanamke huyu akifunga kuni za kilio kabla hajafunga za jikoni kwake. Alikuwa ameosha maiti za mtaa ule, amelala chini kwenye mikeka ya wafiwa, amebeba unga miaka ya njaa na miaka ya vita. Na huyu ndiye aliyelala chini na kusikia msiba wake mwenyewe ukipita bila mtu. Cassilde alihisi kama ni yeye aliyekuwa anatwanga.

"Na ule mlango wa bati," bibi aliendelea polepole, "unafungaka, unafungulaka. Unazani nilikuwaka nalala? Mi pia nilikuwaka namungoja."

Kesho yake asubuhi Cassilde alifunika kizimba kwa kitenge, akamwacha Solange na mgonjwa, akapanda pikipiki ya Vainqueur hadi Lweba.

Nyumba ya Jocelyne ilisimama peke yake katikati ya michikichi. Wasichana wawili walikuwa wanachambua ngazi kwenye turubai, wakibishana na kuku. Jocelyne alimpa Shefu ngazi moja nyekundu. Ndege aliichukua kwa mguu, akaigeuza, akaimenya kama mtu anayemenya chungwa. Cassilde hakuwahi kumwona akila hivyo. Alikuwa anaanza kupumua, ndipo Eugène, mume wa Jocelyne, alipotoka nyuma ya nyumba na kutupa karai la bati chini.

"Mama, nimefika. Chakula iko?"

Wasichana wakaacha ngazi. Eugène akatazama huku na huku kumtafuta kijana aliyesema. Cassilde akashika nguzo ya baraza.

"Ni nani huyu?" aliuliza Jocelyne kwa sauti ndogo.

"Ni mwanangu."

Jocelyne alikivuta kizimba kidogo kuelekea kwa Cassilde, akaondoa mkono. Kilikuwa karibu kiasi cha kukishika tu na kupanda pikipiki. Mkono wa Cassilde ulikwisha kwenda, vidole vikagusa waya. Ndipo akasikia ule mchi, kichwani mwake, ukipanda na kushuka bila kukosa pigo. Akaurudisha mkono.

Akasema, kwa taabu, kwamba ndege akilia wasimkimbilie, ila akisema amefika wasimnyamazie.

Jocelyne aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na kizimba. "Karibu, baba," alimwambia ndege. "Chakula iko."

Shefu alimtazama, akanyamaza, akarudi kwenye ngazi yake. Siku zote zile, mbele ya mlango wa bati, Cassilde alikuwa anasikiliza tu. Hakuwahi hata mara moja kumjibu.

Aliporudi Baraka mlango wa uwanja ulijipiga nyuma yake. Adolphine, kwenye kiti chake, aligeuza kichwa haraka kuelekea barazani, kisha akakirudisha taratibu. Kulabu ya waya iliyokuwa ikining'iniza kizimba ilikuwa inayumba na upepo. Ng'ambo ya ukuta Solange, aliyekwisha kurudi kwake, alikuwa anatwanga.

Cassilde alikaa chini, akauchukua ule mkono wa kushoto usio na nguvu, akauweka mapajani mwake. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hadi barabarani, na katikati ya neno la kwanza kinu kikanyamaza.

"Mama, siku yako ikifika, sitalia kwanza. Nitafunga kitambaa yangu, nitapiga hodi kwa kila mlango wa barabara hii, nitabatazama mu macho na kubaambia kwa mdomo wangu. Batakuja bote. Kuni itajaa mpaka mlangoni. Nakuapia."