Dagaa wa Mshipa wa Constantine Mahona

Asubuhi ya siku ya mnada, Constantine Mahona alikuwa amelala chali kwenye kliniki ya Daktari Maftaha mjini Bariadi, yu macho kabisa, suruali yake imetundikwa kwenye msumari. Dada yake mkubwa, Nyanjige, alikaa kando yake na kumshikia viatu. Kliniki ilikuwa nyuma ya duka la spea za baiskeli, na umeme wake ulivutwa kutoka kwenye jenereta ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Mashine za pamba zilipokwama, taa nazo zilififia.

Constantine alikuwa na duka la pembejeo Lamadi. Ushirika ulipokufa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kuuza, yeye aliuza dawa ya pamba. Lamadi ziwa ni kubwa kuliko mashamba, na dawa yake iliisha kabla hata mvua za kupandia hazijanyesha, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wavuvi. Waliimwaga majini, samaki wakaelea matumbo juu, wakawaokota kwa mikono kama embe zilizodondoka. Constantine alilijua hilo vizuri sana. Faida ilimpeleka India, ambako walimtoa mshipa mguuni wakaushona kwenye moyo, ili damu ipite kando ya mahali palipoziba. Sasa mshipa huo wa kupachika nao ulikuwa umeoza kwa ndani.

Masika yaliyopita Mariana, binti wa Nyanjige, alikula samaki wa jioni, akatoka povu mdomoni, na jua lilipochomoza alikuwa maiti. Constantine alitoa jeneza, akatoa na ng'ombe wa matanga, akalia kuwashinda wote. Alisema ni malaria. Nyanjige hakumtaka ng'ombe. Alitaka mdogo wake aache kuuza ile dawa kwa wavuvi, basi. Kwa sababu hiyo alikubali kumsindikiza hadi Bariadi, maana mtu anayeogopa kufa huwa mwepesi wa kuahidi.

"Mishipa ya namna hii ndiyo iliyokuwa ikituaibisha, mama," Daktari Maftaha alimweleza huku akipitisha waya kwenye paja la mgonjwa. "Unaingiza puto, unalipuliza, njia inafunguka. Lakini uchafu unabanduka, unateremkia kwenye moyo, mtu anakufa na njia yake nzuri. Siku hizi natanguliza wavu mbele. Uchafu ukibanduka, unanaswa."

Wavu ulikuwa mdogo kuliko punje ya mtama. Puto lilipopulizwa, ulijaa. Daktari aliuvuta nje kupitia pajani, akaukung'utia kwenye beseni, wakatoka dagaa. Walikuwa wamevimba, macho meupe, matumbo juu. Akaurudisha wavu, akavuta tena. Beseni likajaa hadi ukingoni, muuguzi Zamda akaleta ndoo ya kudekia. Chumba kilinuka uozo uliochanganyika na dawa ya pamba, harufu ya kutapisha inayoganda kooni na haitoki hata ukinywa chai. Zamda alitema mate kwenye sinki, akaendelea na kazi.

"Ni wengi kidogo," alisema daktari. "Kwa wafanyabiashara huwa hivyo."

Dirisha lilikuwa wazi. Nzi wa mnadani waliingia makundi kwa makundi, wakazunguka juu ya beseni, kisha wakaenda kutua kwenye viatu vya Constantine. Hakuna hata mmoja aliyegusa samaki. Mwanamke yeyote wa Lamadi anaijua maana yake: samaki anayekataliwa na nzi amekufa kwa sumu. Siku ile ya Mariana, Nyanjige hakuwepo nyumbani kumtazamia mwanawe nzi.

"Unaona, Constantine?"

"Naona, dada. Funika beseni."

"Mariana alikula hawa."

Constantine alitazama bati la paa. "Alikula hawa," alikubali.

"Basi acha kuuza."

"Nikiacha mimi, jirani atauza. Hili soko huria, dada. Samaki watakufa vilevile, na mimi nitakufa njaa."

"Mgonjwa asisemeshwe," alisema daktari. Aliweka ndani ya mshipa kijibomba cha waya cha kuushikilia usizibe tena, akakandamiza paja damu ikakata. Uso wa Constantine ulirudiwa na rangi. Akaomba chai ya maziwa.

Keneth, muuzaji wa dukani kwake, alipokuja kumchukua alilitazama beseni kwa jicho la biashara. Dagaa wakaanikwa juu ya paa la kliniki hadi wakakauka. Lamadi wasingenunuliwa, kwa hiyo Keneth aliwapeleka mnada wa Kimali, mbali na ziwa, kwa wafugaji. Nyanjige alipanda lori jingine akamfuata.

Alimkuta amewatandaza kwenye turubai. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa amechuchumaa akiwachagua.

"Mwangaluka, mayo," Nyanjige alimsalimu.

"Mwangaluka."

"Usiwanunue hawa, wana sumu. Wametolewa kwenye mshipa wa mdogo wangu. Mwanangu alikufa kule Lamadi kwa dagaa kama hawa."

Mama yule aliinua mmoja, akamgeuza, akamnusa. Habari ya mshipa haikumsumbua. Alimtazama Nyanjige toka kichwani hadi miguuni.

"Na wewe wako umewatandika wapi?"

"Mimi siuzi."

"Mtu atoke Lamadi mpaka Kimali, asiuze? Acha kumharibia mwenzio biashara, dada. Hebu tazama pale kwenye nyama za yule, hazionekani kwa nzi. Hawa ni wasafi, hawana hata mmoja."

Waliokuwa karibu walicheka. Mtu mmoja alimshika Nyanjige mkono, akamwondoa polepole mbele ya turubai, bila ugomvi. Keneth akapima kopo, likafurika. Mama aliomba nyongeza ya mtoto, na Keneth, ambaye si mchoyo, akamwongezea kiganja kizima.