Aliacha, au Aliachishwa?

Jana nililala kochini na fomu ya Mfuko wa Bima ya Kukosa Kazi kifuani, nikaota Mfuko wenyewe umekuja saluni kwangu, hapa Mafiga. Ulikuwa shangazi kaja, lile begi la miraba ya bluu na nyekundu. Umekaa kiti cha kusukia, miguu haifiki chini.

Nikautolea shikamoo. Shangazi ni shangazi.

"Marahaba," ukajibu kwa zipu. "Wewe ndiye Sikudhani, mwajiri wa Zamoyoni?"

"Nilikuwa. Ameacha kazi."

"Aliacha, au aliachishwa?"

Hapo tuelewane. Msusi akiacha mwenyewe, Mfuko haumpi kitu, nami sisumbuliwi. Akiachishwa, Mfuko unamlisha mpaka apate kazi nyingine, na kiwango changu cha mchango kinapanda. Kikipanda, wasusi wawili waliobaki sitaweza kuwalipa. Kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kujaza neno moja tu.

"Aliacha," nikasema.

Nyuma ya kioo kikatoka kijitu kinene chenye gambuti. Kikasema kinaitwa Kiwango, kisha kikapanda juu ya meza.

"Mbona kinapanda na mimi nimesema aliacha?"

"Kimesikia ulivyosita. Onyo ulimpa?"

"Nilimpa. La mdomo."

"Uko wapi?"

"Nini?"

"Huo mdomo."

Najipapasa usoni. Mdomo haupo. Uko pale mlangoni, unapiga soga na muuza vitumbua, habari za mume wa jirani na lile gari jeupe. Tunausubiri umalize. Haumalizi.

"Shahidi ana shughuli," Mfuko ukasema. "Ndiyo maana tunawaambia muandike." Kiwango kikapanda juu ya drayer. "Kosa lake lilikuwa nini?"

Sijui nilikuwa najibu kwa kutumia nini, lakini nilijibu. "Hasemi."

"Hasemi nini?"

"Hasemi kitu. Saluni ina watu kumi na wawili, kila mtu na lake, huyu harusi imevunjika, yule ana picha kwenye simu, yeye anasuka tu kama anahesabu shanga. Mteja akitoka kwake anatoka na nywele peke yake."

"Si nywele alizofuata?"

"Ndizo alizolipia, Shangazi. Siyo alizofuata."

Mfuko ukavuta pumzi, ukatuna, ukaomba maji. Nikageuka kuyachota. Nilipogeuka tena tuko kliniki ya watoto, foleni ya akina mama imefika mpaka getini, na Zamoyoni ananing'inia kwenye mizani, amevalishwa ile kaptula ya kupimia, magoti yamegusa kidevu. Kimya, kama kawaida yake. Mfuko sasa una kofia ya nesi.

"Huyu ameachishwa lini?"

"Nimeshasema ameacha."

"Mama, hakuna mtoto anayeacha ziwa na njaa anayo. Kadi yake?"

Nikatoa kadi. Nyeupe mbele, nyeupe nyuma, isipokuwa doa la chai.

"Miaka mitatu," Mfuko ukasema. "Hakuna alipokosea, hakuna alipokanywa, hakuna alipopona. Halafu siku moja hayupo."

Kiwango kikapanda mabegani kwangu. Gambuti zina matope, na blauzi ni ile ya kitchen party.

"Zamoyoni, si useme basi," nikamwambia. "Hata leo?"

"Dada Siku," akasema kule juu, "kazi sikuichoka. Ilianza kuwa chungu."

Akatoa kitana chake kwenye kaptula, akaupa Mfuko. Mfuko ukakilamba kwa zipu, taratibu, mpaka mwisho wa meno.

"Shubiri," ukasema.

Foleni nzima ikaitikia kwa vichwa. Kila mama pale alijua. Mtoto humwambii aache. Unalipaka ziwa shubiri, unakaa pembeni, kisha unawaambia majirani, kaacha mwenyewe huyu, wala sikumkataza.

"Nani amekipaka?"

Nikamtafuta Mama Bupe kwenye foleni, jirani yangu wa duka la nondo. Ndiye aliyeniambia usimfukuze, utalipia. Mpe kiti cha karibu na choo, taulo zote afue yeye, wateja wake wape wenzake, ataondoka kwa miguu yake. Alikuwa anatazama dari.

"Mimi nilitoa ushauri," akasema. "Shubiri sikununua."

"Sijapaka mtu kitu," nikasema. "Nilimhamisha kiti. Kumhamisha mtu kiti nako ni kosa? Kwani nyie mnataka mwajiri afanye nini? Akifukuza, kosa. Asipofukuza, kosa."

"Leta vidole."

"Shangazi, foleni ni ndefu, wenzangu wana watoto."

"Vidole, Sikudhani."

Naficha mikono nyuma. Kiwango kinaniinamia sikioni, pumzi zake zina joto la drayer.

"Vitoe tu, mama," kinasema. "Na mimi nimechoka kupanda."

Nikaamka. Jua lilishaingia sebuleni. Fomu ilikuwa imeanguka, nikashuka sakafuni kuiokota, nijaze nimalize, maana ndoto ni ndoto na saluni inafunguliwa saa mbili. Karatasi zilikuwa zimegandana. Nikalamba kidole nifunue ya pili.

Kichungu.

Nikajaribu cha kando yake. Nikahamia mkono wa pili. Nikavilamba vyote kumi, kimoja kimoja, nimekaa pale chini kama mtoto, na shubiri nyumbani kwangu haijawahi kuingia. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika lile neno refu.