Jogoo wa Saa Moja Asubuhi

Katika miaka minne ya bweni nimeandika barua kumi na moja za kukiri makosa, na zote zilisifiwa na mwalimu wa nidhamu kwa mpangilio mzuri wa aya. Hii ni ya kumi na mbili. Safari hii aliyedhurika hakuwa mwalimu wa hesabu wala godoro la kiranja. Alikuwa dada yangu wa kuzaliwa naye, tena wiki tatu kabla ya kupanda nguzo.

Dada ni fundi umeme. Baada ya miaka mitano ya kubadilisha soketi za watu waliokaa gizani wakimwambia hiyo si kazi ya mwanamke, alipata nafasi kwenye shirika la umeme: miezi sita ya majaribio, juu ya nguzo. Msimamizi alimweleza wazi kwamba mwenye mimba hapandi, na asiyepanda wakati wa majaribio nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Mkanda wa kupandia alikuwa ameshakabidhiwa. Aliutundika nyuma ya mlango wa chumbani, na kila alipopita aliugusa kama anayehakikisha mtoto hajaamka.

Kwa hiyo alikuwa akimeza vidonge vya uzazi wa mpango, vile vyenye homoni moja tu, ambavyo nesi alimchagulia kwa sababu ananyonyesha. Vidonge hivi vina tabia ya mwalimu wa zamu. Vinataka saa ile ile kila siku, pakiti ikiisha unafungua nyingine kesho yake bila kupumzika, na ukichelewa zaidi ya saa tatu huna ulinzi wa kutegemea. Dada alichagua saa moja asubuhi na akaweka kengele kwenye simu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, nikiwa likizo nyumbani kwake, bila shughuli, na akili ikiwa imechajiwa.

Jirani yetu wa ukutani alikuwa na jogoo aliyechanganyikiwa, anayewika saa yoyote anayojisikia. Bibi, yaani mama mzazi wa shemeji, alimchukia kuliko mbu. Alhamisi jioni nilimrekodi jogoo huyo, kisha nikauweka mlio wake kwenye simu ya dada badala ya ule wa kengele ya kidonge. Mpango ulikuwa wa heshima kabisa: jogoo angewika chini ya mto, dada angeruka, mimi ningecheka, halafu tungekunywa chai.

Ijumaa, saa moja kamili, jogoo akawika. Bibi alifungua dirisha la jikoni na kurusha kandambili uani kwa jirani.

"Ipo siku nitamkaanga huyu mpumbavu!"

"Mwache, mama," dada akajibu kutoka chumbani, huku mtoto akinyonya. "Hajui saa huyo."

Baada ya dakika kumi simu ikawika tena. Bibi akarusha kandambili ya pili. Hakuna aliyeruka. Mzaha wangu ulikuwa umefaulu mno hata ukapita bila kuonekana. Nikasubiri kwa majivuno nigunduliwe.

Hadi saa saba mchana nilikuwa bado sijagunduliwa, na majivuno yalianza kuniwasha. Nikamfuata dada, aliyekuwa akianika nepi.

"Dada, leo hujasikia kitu cha ajabu kwenye simu yako?"

"Kitu gani?"

"Yule jogoo wa asubuhi. Hakuwa wa jirani. Alikuwa wako."

Alinitazama, kibanio kikiwa mdomoni. Kisha alikitema na kukimbilia chumbani. Nilipomfikia alikuwa ameshika pakiti. Kidonge cha Ijumaa kilikuwa bado kimekaa kwenye kitanda chake, kimelala fofofo.

"Shemeji yako anafika saa ngapi leo?" aliuliza taratibu.

Shemeji alikuwa kiwandani, mji mwingine, wiki tatu nzima.

"Saa kumi na mbili," nilisema.

Katika nyumba hii siri hudumu kwa muda wa kuchemsha maji ya chai. Bibi alifika, na nyuma yake akaja Mama Cherehani, fundi nguo wa nyumba ya mbele, utepe ukiwa shingoni. Baraza likafunguliwa rasmi.

"Kesho meza viwili," alisema Mama Cherehani. "Kwani unanyonyesha, mwenzangu, utanasaje? Mimi humeza siku ambazo mume wangu yupo nyumbani tu."

"Na una watoto wangapi?" dada akauliza.

"Saba. Lakini nimewapanga."

Bibi alikohoa. "Sisi tulikuwa tunasema kichwa kinauma."

"Ikasaidia, mama?"

"Si huyo mumeo anakuja jioni?"

Dada alichukua pakiti kwa mkono mmoja na sikio langu kwa mkono wa pili, tukaenda duka la dawa. Muuza dawa, mama mwembamba wa miwani, alisoma jina la vidonge, akauliza saa, akahesabu kwa vidole.

"Umechelewa saa sita. Kimeze sasa hivi, hapa hapa. Cha kesho kimeze saa moja kama kawaida, usisogeze. Na kwa siku mbili, mpaka Jumapili saa kama hii, mtumie kondomu au mtulie. Mtoto ana miezi mingapi?"

"Tisa. Anakula uji."

"Basi usitegemee kunyonyesha. Mzee alikuwepo leo?"

"Hayupo wiki ya tatu."

"Afadhali. Angekuwepo tungezungumzia vidonge vya dharura. Na ukitapika kabla ya saa mbili kupita tangu umeze, meza kingine." Akanigeukia. "Na huyu?"

"Huyu ndiye jogoo," alisema dada.

Sikununuliwa hata peremende. Kondomu pia dada hakununua. "Atanunua mwenyewe," alisema. "Mimi humeza kila siku, yeye anaweza kutembea mara moja."

Shemeji alifika saa kumi na mbili na robo. Ni afisa usalama kiwandani, mtu anayeweza kuhutubia saa nzima juu ya kofia ngumu bila kunywa maji. Nilikiri mbele yake nikiwa nimesimama wima. Dada akamweleza yaliyobaki. Shemeji alitazama dari, akatazama begi lake, akatazama dari tena.

"Siku mbili tu, mke wangu? Mara moja haina neno. Tumwachie Mungu."

Dada hakubishana. Aliingia chumbani, akarudi na mkanda, akamvalisha kiunoni na kukaza kifungo.

"Haya. Nikikosa kupanda, utanipandia wewe."

"Lakini mimi naogopa urefu."

"Najua."

Shemeji alifungua kifungo kwa shida, akavaa viatu na kutoka. Alirudi baada ya nusu saa na mfuko umejaa: dawa ya kikohozi, miswaki miwili, pamba, bandeji, na sabuni ya mtoto.

"Nani anakohoa?" aliuliza Bibi.

"Hakuna, mama."

"Basi toa ulichofuata, usitujazie meza."

Alichofuata kilikuwa chini kabisa, kimefungwa ndani ya gazeti kama bomba la maji lililopasuka. Mama Cherehani, ambaye alikuwa amepita tu kuazima sindano, alikuwa akipita kwa mara ya tatu.

Hukumu yangu ilitolewa usiku huo bila rufaa: mpaka shule ifunguliwe, kila saa moja asubuhi nisimame mlangoni na glasi ya maji na kutamka, "Dada, kidonge." Niliitumikia hukumu hiyo siku zote ishirini na moja, hata siku ambayo nilikuwa na mafua na sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi.

Siku ya kwanza ya majaribio tulisimama ng'ambo ya barabara, Bibi akiwa amembeba mtoto, shemeji akiwa amefumba macho. Dada alipanda hatua kwa hatua, hakutazama chini. Alipofika juu aliegemea mkanda, akafuta mikono kwenye suruali, akamwita msimamizi.

"Nirushie kamba. Na koleo kubwa, hili dogo halifai."